Shangazi Ameniletea Barua Yake Niisahihishe

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi ipokee hivyo hivyo, maana sina nguvu ya kuuliza. Naomba msaada wako, na naomba unijibu haraka kwa sababu Ijumaa si mbali, na tafadhali usicheke ukisoma mwanzo wa barua hii, kwani utaona kama naleta mambo ya darasani kwenye safu ya watu wenye matatizo ya ndoa na mawifi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, na ni msimamizi wa zamu ya asubuhi katika kiwanda cha kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli na hospitali. Tatizo langu, au niseme nililodhani ndilo tatizo langu, ni kwamba siwezi kuvumilia Kiswahili kibovu. Mtu akiniandikia "hasante" mwili unanisisimka. Akiandika "ambae" bila ile y, au akiandika "xaxa" akimaanisha sasa, siku yangu imeharibika. Karibu na kwetu kuna duka lina tangazo ukutani, "Usiegeshe gari apa", nikalivumilia wiki mbili, ya tatu nikaenda na kalamu ya wino mzito nikaongeza h, na mwenye duka akatoka akanitazama kama mwizi. Hata ninyi, mnisamehe, toleo lililopita mliandika "kwasababu" kama neno moja, mara mbili, ukurasa ule ule.

Marehemu baba alikuwa mwalimu, na nyumbani kwetu ukisema "gari yangu" ulikuwa unarudia "gari langu" mara kumi ndipo unawe mikono ule. Kwa hiyo sikuona ubaya. Hata mume wangu, alipokuwa kwenye safari ya kikazi akaniandikia ujumbe mrefu wa mapenzi, eti "moyo wangu una kuitaji", nami nikamjibu kwamba unakuhitaji ni neno moja na lina h, basi tangu siku hiyo akisafiri ananijibu kwa dole gumba. Nikimwambia tumekukumbuka, dole gumba. Nikimwambia mtoto ana homa, dole gumba. Nilikuwa nawasimulia wenzangu kazini tunacheka, ila siku hizi nikikumbuka sicheki.

Sasa nikueleze ya kazini. Kila anayemaliza zamu lazima aandike kwenye kitabu cha zamu ameiachaje mashine yake, msimamizi anasoma na kusaini, kisha anayeingia anasoma ndipo anaanza kazi. Nilipopewa usimamizi mwaka juzi nilikikuta kitabu hicho kinatia aibu, mtu anaandika ukurasa mzima na huoni nukta hata moja, na wakaguzi kutoka mahoteli wanakifungua wanatazamana. Nikanunua kalamu nyekundu kwa pesa yangu mwenyewe. Kila kosa nikawa nalizungushia, na ukurasa ukizidi makosa nauchana, namwambia mwenyewe akaandike upya. Wakanipa jina, Bi Nyekundu, wakidhani sijui. Ndani ya miezi michache kitabu kikatakata, meneja akanisifu mbele ya watu, nikarudi nyumbani kichwa kimevimba.

Katika chumba cha pasi kuna mama mmoja ambaye wote tunamwita Shangazi, hata meneja. Amenizidi miaka kama ishirini. Alianza hapo kiwandani kama mfagizi, akajifunza mashine kwa kutazama, na sasa akisikia mlio tu anajua mashine inaumwa wapi, mafundi wenyewe humwita kwanza kabla hawajafungua kitu. Kusoma na kuandika alijifunza ukubwani. Anapoandika huibana kalamu kana kwamba itamtoroka, na midomo inatembea pamoja na mkono.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa nane mchana kasoro dakika tano, gari la wafanyakazi linapiga honi nje, Shangazi akaniletea kitabu. Alikuwa ameandika hivi, nakuandikia kama ilivyo: "Mashine ya pili ukizima aisimami apo apo, ina zunguka tena kidogo, anae ingia asi weke mkono kalibu."

Makosa sita. Nilihesabu sita, nikayazungushia yote sita. Nikamwambia, "Shangazi, nisamehe, lakini hii siwezi kuisaini. Kesho kutwa tuna wakaguzi." Akaniuliza, "Sasa niandikeje, mwanangu?" Nikamwambia, "Andika kifupi. Andika unachokiweza." Nikauchana ukurasa, nikaukunja, nikautia mfukoni mwa koti la kazi. Akaenda kuinama pale mezani, akarudi na maneno matatu: "Mashine zote nzuri."

Mshauri, nilimsifu. Nilimwambia, "Umeona, Shangazi? Safi kabisa, hakuna kosa hata moja." Nikasaini chini ya jina lake. Alisimama kidogo kama mtu mwenye neno, honi ikapigwa tena, akachukua mkoba wake akaondoka.

Saa tisa na robo, binti wa zamu ya mchana, ana miezi minne tu kazini, shuka lilimkunjamana kwenye rola za ile mashine ya pili. Akabonyeza kitufe cha kuzimia kama tulivyomfundisha, akanyoosha mkono alivute. Mashine haikusimama hapo hapo. Ikazunguka tena kidogo. Rola zile zina moto wa kukausha shuka lenye maji kwa pumzi moja. Mimi nilikuwa bado ofisini najaza fomu, nikasikia ukelele, na nilipofika wenzake walikuwa tayari wanammwagia maji mkononi. Daktari amesema vidole havitakatwa, ila viwili huenda visikunjuke tena.

Sasa unaelewa kwa nini silali. Maneno yale nilikuwa nimeyasoma. Ungeniuliza dakika ile Shangazi amekosea wapi, ningekutajia yote sita kwa mpangilio, na ungeniuliza Shangazi amesema nini, nisingejua. Nilisoma kila herufi na sikusikia kitu.

Ofisa utumishi alikuja akachukua kitabu, akakuta "Mashine zote nzuri", saini ya Shangazi juu na yangu chini. Wamesema ama alidanganya ama alizembea, na amepewa hadi Ijumaa awasilishe barua ya maelezo, na kwetu kila mtu anajua kwamba baada ya barua ya maelezo inakuja barua ya kufukuzwa. Mimi nimeambiwa nitakuwa shahidi tu, kwamba nilisaini kwa kumwamini.

Jumapili mchana akaja nyumbani kwangu. Nilimwamkia, nikamkaribisha, akakaa ukingoni mwa kochi, akatoa karatasi ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mwanangu, nimeandika ile barua yao. Nipitishie jicho lako, unisahihishie, nisije nikaaibika mbele ya wakubwa."

"Umesema nini ndani, Shangazi?"

"Nimeomba radhi. Nimesema kosa ni langu, kuandika kumenishinda. Mtoto wa watu ameungua kwa sababu mimi kalamu siiwezi."

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Na ule ukurasa wa kwanza?"

"Upi? Ule ulioharibika?" Akapunga mkono. "Si ulisema haufai."

Hakusema kwa hasira wala kwa fumbo. Anaamini hivyo kabisa. Akanishukuru, akanywa maji, akaniachia barua, akasema ataipitia Alhamisi.

Barua yake iko mezani, ina makosa kumi na moja na sijaligusa hata moja. Ukurasa wa kwanza nimeuficha kabatini chini ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na mara mbili nimeutoa nikawasha jiko, mara mbili nikaurudisha. Halafu jana nikakifungua kitabu cha zamu cha kabla yangu. Humo watu wanasimulia. Mkanda unalia, maji ya moto yanavuja mguuni, fundi aje, dirisha la nyuma lisifungwe moshi unajaa. Kisha nikafungua cha kwangu cha mwaka jana, maana cha sasa kiko kwa ofisa utumishi, mwaka mzima: nzuri, nzuri, sawa, nzuri, hakuna shida, nzuri. Nilikuwa najivunia kitabu hicho.

Kuna saa najitetea. Nasema, jamani, Shangazi ana mdomo, si angeniambia? Nikisema ukweli kazi imekwenda, mume wangu kazi yake ni ya kusafirisafiri, leo ipo kesho haipo, na watoto wako shule. Halafu nimepata wazo, na ndilo ninalokuomba unishauri. Hii lugha ninayoijua, si niitumie kumsaidia? Nimwandikie Shangazi barua nzuri kuliko zote walizowahi kuzisoma, yenye maneno ya kugusa moyo, wamhurumie wamwache kazini, na mimi niwe nimelipa bila kulazimika kusema. Je, haitoshi? Na je, mshauri, ni dhambi mtu kupenda lugha sahihi? Nijibu kabla ya Alhamisi, nakuomba, roho iko juu juu.

Ni mimi, Msimamizi wa Zamu ya Asubuhi.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Umri wangu tuuache ulipo. Na lile "kwasababu" mhariri amelikiri, amenawa uso, tumesameheana.

Barua yako niliianza na kikombe cha chai mkononi, kikapoa bila kunywewa. Umenipitisha kwenye hasante na ambae, ukanipeleka dukani, ukaniingiza hadi kwenye simu ya mumeo, ndipo nikafika penye mkono wa mtu ulioungua. Naelewa kwa nini. Jambo linalouma mtu huliendea kwa kuzunguka. Nimekuonea huruma, nakwambia kweli, kwa sababu aliyechana ukurasa ule hakutaka mtu aungue. Lakini huruma yangu haikuvukishi Ijumaa, kwa hiyo kaa vizuri unisikilize.

Kupenda lugha sahihi si dhambi. Mimi mwenyewe anayeniandikia "xaxa" namjibu mwisho. Baba yako alifanya kazi njema, tumwache apumzike, hana kesi hapa. Ila wewe ulichukua kitabu cha kulinda mikono ya watu ukakifanya daftari la insha. Wafanyakazi wako hawakujifunza kuandika vizuri, mwanangu. Walijifunza kukukwepa. Mtu mzima ana mashine inayovuja na kalamu asiyoiamini, na mbele yake yupo bosi mwenye wino mwekundu, unadhani ataandika nini? Ataandika nzuri, apande gari aende kwake.

Eti angekuambia kwa mdomo. Hebu jisikie! Mama aliyezijua herufi ukubwani ameinama akakuandikia mashine ni ipi, inafanya nini, na anayeingia ajihadhari vipi. Mimi sijawahi hata kukiona kiwanda chenu na nilielewa kwa kusoma mara moja. Alikuambia. Wewe ukamwambia akaandike anachokiweza.

Na hilo wazo lako la barua ya kugusa moyo ndilo lililonipandisha hasira, sikufichi. Unataka kuupamba uongo, tena uongo unaokufaa wewe, na utiwe saini na mtu anayekuamini. Tena hata kama hesabu hiyo ungeiona sawa, ingekugeukia. Fikiria ofisa utumishi anapokea kwa mama huyu barua iliyonyooka kama ya hakimu. Atasema, kumbe anaandika hivi! Basi alipoandika "Mashine zote nzuri" alijua anachoandika. Utakuwa umemfukuzisha kazi kwa Kiswahili fasaha.

Sasa fanya ninayokuambia, na uanze leo, usingoje Alhamisi.

Ukimaliza kusoma hapa nenda chumba cha pasi. Kalamu iache ofisini. Pita kwa kila mtu kwenye mashine yake umuulize kwa mdomo, inakusumbua nini hii? Ukijibiwa nzuri, usiondoke, uliza tena, na umwambie unataka kusikia ubaya wake. Kila utakachoambiwa mwite fundi akione papo hapo, na ile isiyosimama mara moja isiwashwe kabisa mpaka itengenezwe. Nashangaa hukunigusia hata kidogo kama mashine ile ya pili imetengenezwa. Umesema mwenyewe una kitabu cha nzuri za mwaka mzima, na hakuna ajuaye ngapi kati yake ni za kweli. Wakati unaisoma safu hii kuna watu wameweka mikono karibu na mashine hizo.

Jioni, mwambie mumeo. Mwambie mkiwa mmekaa, uso kwa uso, na akisema neno lisilo na h usilishike. Sitakudanganya kwamba hutaadhibiwa. Huenda ukashushwa cheo, huenda ukafukuzwa, na nyumba yenu ijiandae kwa hilo ikijua sababu. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na ukurasa ule ulio chini ya vyeti vya watoto wako utakutafuna kila utakapofungua kabati.

Kesho asubuhi toa nakala ya ukurasa huo, nakala moja umpe Shangazi, na ule wenyewe umkabidhi ofisa utumishi mkononi, na duara zako nyekundu zikiwa pale pale, pamoja na barua yako wewe. Usisubiri kikao. Ukisema kabla ya kuulizwa umekiri, ukisema baada ya kuulizwa umekamatwa. Na yule binti aliyeungua ana haki ya kujua kwamba ubovu ulikuwa umeripotiwa, kwa sababu madai yake dhidi ya kiwanda yanategemea hilo. Nenda ukamwambie. Usiende kulia mbele yake akaanza kukubembeleza, ana maumivu yake ya kutosha.

Ukibahatika kubaki na cheo, weka utaratibu mpya. Asiyeweza kuandika aseme, wewe uandike maneno yake kama alivyoyatamka, umsomee, mwende wote wawili mpaka kwenye mashine mkaione, ndipo usaini. Ukitaka kufundisha lugha, kuna saa ya chakula, na atakayependa atakuja mwenyewe.

Imebaki ile barua ya Shangazi iliyo mezani kwako. Usiongeze hata nukta. Mpelekee kwake leo hii, usimngoje aje tena kukaa ukingoni mwa kochi lako, na umwambie asiiwasilishe, kwa kuwa anaomba radhi kwa kosa asilolitenda. Mwambie ukurasa wa kwanza haukuharibika. Atakukatalia, atakutetea, atasema wewe bado kijana na una watoto. Watu kama yeye ndivyo walivyo. Usikubali akutetee.

Kisha rudi nyumbani uandike ya kwako. Najua utakaa na karatasi tupu ukitafuta namna ya kuanza, utaandika na kufuta hadi kuche, kwa hiyo sentensi ya kwanza nakupa mimi, iandike kama ilivyo: "Shangazi alinionya kwamba mashine ni mbovu, nikamrudishia onyo lake."